FND inatibika, tusiyasome vibaya yale majaribio mawili

Tangu matokeo ya Physio4FMD, jaribio la fiziotherapia, yatoke mwaka 2024 nimekuwa nikiona watu wanayaweka pamoja na yale ya mwaka 2020 ya CODES, jaribio la tiba ya mazungumzo, halafu wanafunga hesabu kwa mstari mmoja: fiziotherapia imeshindwa, tiba ya mazungumzo imeshindwa, kwa hiyo ugonjwa wa konvesheni, ambao leo wengi wanauita FND, hauna dawa. Wengine wanaenda mbali zaidi wanasema kama hata tiba zenyewe hazishiki basi hapo hakuna ugonjwa, ni watu wanajiendekeza tu. Mimi naona majaribio yote mawili yanasomwa vibaya. Hayakulinganisha mtu aliyetibiwa na mtu aliyeachwa hivihivi, yalilinganisha tiba na tiba nyingine, au tiba na tiba iliyoongezewa kitu juu yake, na wale wa upande wa huduma ya kawaida walishapata kile ambacho wagonjwa wengi wa FND duniani hawajawahi kukipata hata siku moja, yaani kukaa na daktari anayewaambia waziwazi wanaumwa nini. Ukilishika hilo matokeo yanasema jambo jingine kabisa.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini, maana jina lenyewe limebadilikabadilika. Mtu anaamka asubuhi mguu hauna nguvu, au mkono unatetemeka hauachi, au sauti imekata, au anaanguka na kutikisika mwili mzima kama mwenye kifafa. Anapigwa MRI, iko safi. Anapimwa umeme wa ubongo wakati anaanguka, hakuna mlipuko wa kifafa. Mfumo wa neva haujakatika wala haujaoza mahali, ila haufanyi kazi inavyotakiwa, na mgonjwa hajiamulii. Jina la konvesheni lilitoka kwa Freud miaka ya 1890, kwa imani kwamba uchungu wa nafsi uliofukiwa unageuka na kutokea mwilini. Leo wengi wanasema FND, yaani tatizo la utendaji wa mfumo wa neva, na mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, toleo la 2022, umeligeuza jina hilo la utendaji likatangulia na konvesheni ikabaki kwenye mabano. Na tusidhani ni ugonjwa wa watu wawili watatu. Utafiti mkubwa wa Uskoti uliofuatilia wagonjwa wapya 3,781 kwenye kliniki za neva ulikuta dalili za utendaji na za kisaikolojia ni asilimia 16, zikishika nafasi ya pili nyuma ya maumivu ya kichwa.

Historia ya tiba zake inaumiza kuisoma, na bila hiyo huwezi kuelewa kwa nini madaktari wengi mpaka leo wanaukwepa. Daktari wa neva Charcot pale Paris, hospitali ya Salpêtrière, aliuchukua kama ugonjwa wa neva na akatumia hipnosia, yaani kumtuliza mgonjwa mpaka awe kama yuko usingizini huku akipokea maelekezo. Freud akauhamishia kwenye nafsi. Kwenye vita kuu ya kwanza ya dunia, London, daktari Lewis Yealland alikuwa akiwapiga umeme askari waliopoteza sauti au miguu mpaka waongee, mpaka watembee, na akaandika kitabu mwaka 1918 akieleza alivyofanya. Halafu mwaka 1965 daktari wa akili Eliot Slater akafuatilia wagonjwa walioambiwa wana histeria, jina la zamani la ugonjwa huu, na akatangaza kwamba wengi walikuja kuonekana na magonjwa mengine ya mwili, akasema utambuzi wa histeria ni kificho cha kutojua. Kauli ile ilitia woga kizazi kizima cha madaktari, hakuna aliyetaka kuwa yule aliyemwambia mgonjwa wa uvimbe kwamba ana histeria. Mapitio ya mwaka 2005 yaliyokusanya tafiti 27 yalionyesha kwamba tangu miaka ya 1970 makosa ya utambuzi yameshuka mpaka kama asilimia 4, sawa tu na magonjwa mengine ya neva na ya akili, lakini woga haukushuka na takwimu. Ukabaki. Na woga huo ndo unaozaa ile sentensi ambayo karibu kila mgonjwa wa FND ameshaisikia: vipimo viko sawa, huna kitu, nenda nyumbani.

Dada mmoja wa ukoo wetu aliambiwa hivo mara tatu, na wahudumu tofauti, wakati mguu wake wa kushoto unaburuza. Wa nne alimlaza kitandani, akaweka kiganja chini ya kisigino cha mguu mgonjwa akamwambia kandamiza chini, mguu haukuwa na nguvu. Kisha akamwambia ainue ule mzima huku yeye akiuzuia kwa mkono mwingine, na palepale ule mgonjwa ukakandamiza kiganja kwa nguvu zote bila yeye kukusudia. Hii inaitwa ishara ya Hoover, imejulikana tangu mwaka 1908. Yule daktari hakumwambia nimekukamata. Alimwambia angalia, nguvu ipo, njia ipo, ila ukiutuma mguu kwa makusudi ujumbe haufiki, na ukisahau kuutuma unafika. Dada yangu aliniambia hiyo ndo ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kumi kuamini kwamba mguu unaweza kurudi. Siandiki hili kuthibitisha kitu, mtu mmoja si ushahidi, naliandika kwa sababu ndilo jambo lenyewe walilopewa watu wa pande zote mbili kwenye majaribio ninayoyazungumzia.

Sasa CODES. Wagonjwa 368 nchini Uingereza wenye mianguko ya kutengana, yaani inafanana na kifafa ila si kifafa, waligawanywa kwa kura: 186 wakapata tiba ya fikra na tabia, ile CBT, juu ya huduma sanifu, na 182 wakapata huduma sanifu peke yake. Kipimo kikuu kilikuwa idadi ya mianguko kwa mwezi baada ya miezi 12. Mgonjwa wa katikati kwenye kundi la CBT alikuwa na mianguko 4 kwa mwezi, kwenye kundi lingine 7, na tofauti hiyo kitakwimu haikutosha kusema imethibitika. Hapo ndo vichwa vya habari viliposimama. Ila kwenye vipimo vingine 16 vya pembeni, 9 viliegemea CBT, yaani muda mrefu zaidi bila kuanguka, maisha ya kila siku kuathirika kidogo, msongo kupungua, mgonjwa na tabibu wake wote kuona nafuu. Na hebu tuangalie hiyo huduma sanifu ilikuwa nini. Daktari wa neva alieleza utambuzi, akatoa kijitabu cha maelezo, kisha daktari wa akili akamtathmini mgonjwa na kumweleza tena, naye akatoa kijitabu. Kwa mgonjwa wa FND wa kawaida hiyo ni huduma ya ndoto.

Physio4FMD ilikuwa na watu 355 wenye matatizo ya mwendo, udhaifu, kutetemeka na kadhalika, Uingereza pia. Nusu walipata fiziotherapia maalumu iliyotengenezwa kwa ajili ya FND, nusu wakaelekezwa kwa fiziotherapia ya neva ya maeneo yao. Soma tena hapo, pande zote mbili fiziotherapia, na wote walishatambuliwa na kuelezwa na daktari wa neva. Kipimo kikuu kilikuwa dodoso linalouliza uwezo wa mwili, kupanda ngazi, kubeba vitu, kutembea umbali fulani, baada ya miezi 12, na makundi yakalingana. Juu ya hapo Korona iliingia katikati, wengine wakakosa vipindi vyao mpaka ikabidi watolewe kwenye uchambuzi mkuu. Lakini ulipowauliza wagonjwa wenyewe dalili za mwendo zimekuwaje, waliosema zimepungua walikuwa wengi zaidi upande wa tiba maalumu.

Mfano unaonisaidia mimi kuelewa haya mambo ni wa zamani kidogo, wa Uholanzi, na sijui kwa nini hautajwi zaidi. Moene na wenzake walijaribu hipnosia mara mbili. Mwaka 2002 waliiongeza kwa wagonjwa waliolazwa ambao tayari walikuwa kwenye programu kamili ya matibabu, na hipnosia haikuongeza kitu. Mwaka 2003 waliipa wagonjwa wa nje na kuwalinganisha na waliokuwa kwenye foleni ya kusubiri, na hapo ikaonekana inasaidia. Hipnosia ile ile, timu ile ile, ugonjwa ule ule, majibu mawili tofauti kwa sababu kilichowekwa upande wa pili kilikuwa tofauti. Anayesoma ya 2002 peke yake atasema hipnosia ni bure na anayesoma ya 2003 peke yake atasema ni muujiza, wote wawili watakuwa wamesahau kuuliza swali moja tu: ikilinganishwa na nini?

Nikiishia hapo nitakuwa siwatendei haki wanaotilia shaka, maana wana hoja nzito mbili na nazikubali. Ya kwanza, kipimo kikuu ni kipimo kikuu. Watafiti wanakitangaza kabla ya kuanza kusudi wasije wakachagua kinachopendeza baadaye, sasa kikigoma huwezi kuhamia kwenye vya pembeni ukashangilia kana kwamba ndo ulivyopanga, ukipima vitu vingi vya kutosha vingine vitaonekana vizuri kwa bahati tu. Ya pili ni nzito zaidi: kwenye tiba za aina hii mgonjwa anajua kapewa ipi. Aliyekaa na mtaalamu vipindi tisa au kumi na mbili, mtu mpole anayemsikiliza, ana kila sababu ya kusema najisikia nafuu, hata kama mguu uko palepale. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba CODES imethibitisha CBT inaponya, nitambishia kwa nguvu ileile ninayombishia anayesema imeshindwa. Hata majaribio madogo yaliyokuja kabla lazima yasomwe hivyohivyo. Lile dogo la fiziotherapia la mwaka 2017 lilikuwa na watu 60, siku tano za mazoezi, na asilimia 72 walipata nafuu ya kueleweka dhidi ya 18 upande wa pili, namba tamu mno, na kubwa lilipokuja kipimo kikuu hakikurudia utamu ule.

Ila kuna kitu kwenye vipimo hivyo vikuu ambacho wanaotilia shaka nao wanakiruka. Idadi ya mianguko kwa mwezi ni namba mbaya ya kupimia, kuna mtu ana mmoja na kuna mtu ana mia mbili, hao wachache wa mia mbili wanaivuta hesabu watakavyo, na mtu anaweza kuwa na idadi ileile ya mianguko huku ameshaacha kukimbizwa hospitali, amerudi kazini, anajua ukianza afanye nini. Na lile dodoso la ngazi na mizigo linachanganya mambo: wagonjwa wengi wa FND wana maumivu na uchovu mkubwa pia, sasa ukimwondolea mtetemo bado hawezi kupanda ngazi kwa sababu ya uchovu, dodoso litaandika hakuna mabadiliko. Hii si kusema tubadilishe goli baada ya mechi. Nasema jaribio lijalo lichague goli lake vizuri kabla ya kuanza, na wagonjwa waulizwe wao wanataka nini kirudi kwanza.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndo inayosambaa haraka kuliko zote, ni ile ya kujifanya. Inasimama juu ya mguu mmoja: kama nguvu inarudi ukimzubaisha mgonjwa basi alikuwa nayo muda wote, kwa hiyo anadanganya. Huko ni kuchanganya mwendo wa kukusudia na mwendo wa kujiendea. Nyote mnaosoma hapa mnatembea bila kufikiria unyayo, na jaribu kushuka ngazi ukifikiria kila kidole cha mguu uone utakavyojikwaa. Kwenye FND umakini umekwama kwenye kiungo, na kadiri mtu anavyojitahidi ndivyo kinavyogoma. Mwaka 2010 Valerie Voon na wenzake walichukua wagonjwa wachache wenye mtetemo wa aina hii wakawaweka kwenye skani, mara wakiwa wanatetemeka kwa ugonjwa, mara wakiigiza mtetemo huohuo kwa makusudi. Wagonjwa walewale, mkono uleule. Sehemu ya upande wa kulia wa ubongo inayohusishwa na hisia ya "hiki nakifanya mimi" ilifanya kazi kidogo kwenye mtetemo wa ugonjwa kuliko ule wa kuigiza. Ni utafiti mdogo, haubebi kila kitu, lakini anayedai ni maigizo ana kazi ya kutueleza kwa nini ubongo wa muigizaji yuleyule unatofautisha. Na kujifanya kungekuwa ndo maelezo, basi mtu angekuwa anaacha dalili akiwa peke yake, angekuwa hakubali kupimwapimwa, wala asingekaa miaka na dawa za kifafa zinazomlevya kwa ugonjwa asiokuwa nao.

Upande wa pili kuna hoja nayo ina madhara, japo inasemwa kwa nia njema, kwamba lazima kuna jeraha la zamani limefukiwa na tiba ni kulifukua. Kwa baadhi ni kweli, tafiti zilizokusanywa na kuchapishwa mwaka 2018 zinaonyesha wagonjwa wa FND wamepitia mateso na kutelekezwa utotoni zaidi ya wengine. Lakini tafiti hizohizo zinaonyesha wengi tu hawana tukio lolote la namna hiyo, na ndo maana mwongozo wa Marekani uliondoa sharti la kupata msongo wa kisaikolojia tangu mwaka 2013, ukaweka ishara za kliniki kama ya Hoover. Kumng'ang'ania mtu akumbuke jambo ambalo halipo ni kumwongezea mzigo. Kwa mwingine kilichoanzisha ni kifundo kilichoteguka, kwa mwingine kipandauso, kwa mwingine kuzimia kwa kawaida kabisa, halafu ubongo ukajifunza vibaya kutoka hapo.

Sasa kama tunakubali ubongo umejifunza vibaya, tiba ni kujifunza upya, na namna ya kujifunza inategemea dalili. Hapa ndo naona mjadala wa "fiziotherapia au saikolojia" unatupotezea muda. Mwenye mguu dhaifu anahitaji fiziotherapia, lakini si ile ya mgonjwa wa kiharusi. Wa kiharusi anaambiwa angalia mguu, ufikirie, ukaze. Wa FND ukimwambia hivyo unamharibia. Huyu anatembezwa kinyumenyume, anateleza kama anayecheza kwenye sakafu laini, anahesabu kwa kurudi nyuma huku anatembea, anafuata mdundo, chochote kinachouacha mwendo ujiendee, halafu anaonyeshwa kwenye kioo au video kwamba aliweza. Magongo na vifungio vinacheleweshwa kadiri inavyowezekana kwa sababu ubongo unajifunza navyo. Mwenye mianguko ni kitu tofauti. Anafundishwa kutambua dakika zile za mwanzo kabla haujaja, moyo kwenda mbio, watu kuonekana mbali, halafu anajirudisha kwa kushika kitu baridi, kutaja anavyoviona chumbani, na pole pole anarudi sehemu alizoacha kwenda kwa hofu. Dawa za kifafa zinapunguzwa chini ya usimamizi kama hana kifafa, na hilo linahitaji uangalifu kwa sababu baadhi wana vyote viwili. Mwenye sonona au wasiwasi mkubwa anatibiwa hiyo sonona. Na wapo, hili limeonekana kliniki nyingi, ambao mianguko inakoma baada ya maelezo mazuri tu.

Hawa wa mwisho ndo wanaonirudisha kwenye CODES. Kama maelezo peke yake yanawasogeza baadhi, na maelezo yalitolewa pande zote mbili, basi ni kawaida pengo kati ya makundi kuwa dogo. Ninavyoona mimi maana yake kwa huduma ni kwenda kwa ngazi. Kila mgonjwa apate utambuzi wa wazi wenye ishara anazoonyeshwa, maandishi ya kwenda nayo nyumbani, na miadi ya kurudi baada ya wiki chache, hiyo ni ya wote, na haihitaji mashine mpya. Fiziotherapia maalumu na CBT ziende kwa ambao hatua hiyo haikuwatosha na ambao dalili zao zinaendana nazo. Sina ushahidi kwamba kuchagua hivyo kutaleta matokeo bora kuliko kumpa kila mtu kila kitu, na ningependa sana jaribio lijalo lipime hilo badala ya kupima tena tiba moja kwa umati wenye dalili kumi tofauti. Kinachoniuma ni kwamba wanaotumia majaribio haya kufunga milango wanafunga hata ule wa kwanza, kana kwamba "CBT haikuongeza" inamaanisha "usimweleze".

Na gharama ya kutomweleza inajulikana. Kwa mianguko hii utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2002 ulikuta wastani wa kuchelewa kutambuliwa ni zaidi ya miaka 7. Miaka saba ya dawa zisizo zake, na usiku mwingine mwanguko ukirefuka anachomwa dawa za usingizi mapokezi ya dharura mpaka pumzi inadhoofika, anawekewa mpira kooni, anaingia chumba cha mahututi kwa jambo ambalo lingepita lenyewe kama angelindwa asijiumize na mtu akaongea naye taratibu. Kipimo cha kuumaliza mjadala, kurekodi video na umeme wa ubongo kwa pamoja wakati anaanguka, hakipo kila mahali, lakini simu yenye kamera ipo karibu kila nyumba, na video aliyoirekodi ndugu ikionyesha macho yamefumba, mwili unatikisika kwa kupanda na kushuka, dakika zinakwenda, inampa daktari wa neva mwanzo mzuri hata kama si uthibitisho.

Kwa hiyo kama wewe au mtu wako mmeambiwa ni FND, au konvesheni, au mmeambiwa tu hakuna kitu, msianze na swali la fiziotherapia au mwanasaikolojia. Rudini kwa aliyewaambia mkamuulize ameona ishara gani mwilini iliyomfanya aseme ni hii, na mumwombe awaonyeshe.